Gari la kukodi kutoka Moscow: uelekee Petersburg au Kazan?

Nianze na jibu, ili mwenye haraka aondoke nalo: St. Petersburg nenda kwa treni, gari lipeleke Kazan. Mwenye nafasi abaki, maana jibu hili halikunijia siku ya kwanza, na mdogo wangu niliyesafiri naye njia zote mbili analipinga mpaka leo.

Yeye anasoma Moscow, katika chuo kile kilichoanzishwa 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, kikavuliwa jina hilo 1992 na kurudishiwa 2023. Nilikwenda kumtembelea mwezi wa sita, nikakaa hadi katikati ya mwezi wa saba. Kwanza tulikwenda kaskazini-magharibi hadi Petersburg. Tukarudi, tukapumzika, kisha tukaelekea mashariki hadi Kazan. Safari zote mbili tulipewa gari dogo la Kichina, la aina ileile. Tangu kampuni nyingi za Ulaya na Japani zifunge biashara zao Urusi mwaka 2022, magari mapya mengi barabarani ni ya Kichina na Lada za Urusi yenyewe. Kwa hiyo ninapolinganisha hapa, gari halimo. Ni barabara na miji tu.

Watu huniuliza pia habari za njia ya kusini, M4, ile inayopita Voronezh na Rostov hadi Bahari Nyeusi. Sikuipita na siishauri: iko karibu mno na vita ya Ukraine. Wala nisikudanganye kwamba hizi mbili ziko salama kabisa. Ndege zisizo na rubani zimefika mpaka Kazan, viwanja vya ndege hufungwa ghafla kwa saa kadhaa, na intaneti ya simu hukatwa bila taarifa. Kama hilo linakukosesha usingizi, ahirisha, miji haihami. Na kijana akifuatwa na mtu mwenye ofa ya kazi ya mshahara mnono na mkataba wa Kirusi asioweza kuusoma, asitie saini. Kuna vijana wa Afrika Mashariki waliojikuta vitani kwa njia hiyo.

Kabla ya kushika usukani

Kwa sisi tuliozoea kuendesha kushoto, tatizo haliko barabara kuu, maana huko kuna magari mengine ya kufuata. Tatizo ni asubuhi, unapotoka sheli au hotelini, barabara tupu, akili bado imelala. Siku ya pili nilitoka sheli moja karibu na Tver nikajipanga vizuri kabisa upande wa kushoto, nikakanyaga mafuta. Mdogo wangu alikuwa anamenya yai.

"Kaka, kulia! Kulia, kaka!"

Yai likaenda chini ya kiti, na lori lililokuwa linatujia likaniwashia taa zote lilizokuwa nazo. Tangu hapo tukajiwekea utaratibu: kabla gari halijaondoka, asiyeendesha anasema "kulia" kwa sauti, na anayeendesha anaitikia. Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi hili haliwahusu. Na kuna kichekesho chake: kule Vladivostok, mwisho wa nchi, barabara zimejaa magari ya mitumba kutoka Japani yenye usukani wa kulia, kama haya yetu, lakini wao huyaendesha kulia mwa barabara na maisha yanakwenda.

Leseni yangu niliifanyia tafsiri ya Kirusi iliyothibitishwa na notari, na trafiki waliotusimamisha mara mbili waliiangalia hiyo kuliko leseni yenyewe. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi humo tangu Machi 2022, kwa hiyo beba dola au yuro taslimu, noti mpya zisizo na mikunjo. Dhamana ya gari nayo tuliilipa taslimu. Kampuni ya kwanza ilituzungusha siku kumi kabla ya kuirudisha; ya pili tuliidai risiti yenye muhuri na tarehe, ikarudisha siku ileile. Wengine hawaruhusu gari litoke nje ya mkoa, na hilo huandikwa kwa maandishi madogo, basi uliza kabla ya kulipa.

Sheli za kule, nyingi, unaingia kwanza dukani, unataja namba ya pampu na kiasi unachotaka, unalipa, halafu unatoka kujitilia mwenyewe. Nilisimama nje dakika tano nikimngoja mhudumu, foleni nyuma yangu ikikua. Lita ilikuwa karibu rubli 60.

Jambo lililonifanya nijione niko Chalinze ni taa. Magari yanayotoka mbele yakikuwashia mara mbili mchana kweupe, ujue trafiki wako hapo mbele. Umoja wa madereva dhidi ya trafiki kumbe hauna taifa. Ukimpisha mtu, atakushukuru kwa kuwasha hazadi mara moja au mbili. Ila tochi nyingi hazishikwi na binadamu. Ni kamera juu ya nguzo, na kamera haiombwi msamaha. Mijini na vijijini mwisho ni 60, nje ya mji 90, barabara kubwa za kisasa 110 na vipande vichache zaidi ya hapo.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya safari, na nunua ya karatasi pia. Katikati ya Moscow mawimbi ya setilaiti huvurugwa makusudi. Simu yetu ilisisitiza tuko uwanja wa ndege, wakati mbele yetu zimesimama kuta nyekundu za Kremlin. Na usitoke Moscow Ijumaa jioni wakati wa kiangazi, uwe unaelekea kokote. Jiji zima linakwenda kwenye dacha, vile vinyumba vyao vya shamba, na barabara ya mzunguko ya MKAD, kilomita 109, inageuka maegesho.

| | Petersburg | Kazan |
|---|---|---|
| Umbali kutoka Moscow | kama km 700 | kama km 800 |
| Barabara mpya ya kulipia | M11, ilifunguliwa 2019 | M12, ilifika Kazan Desemba 2023 |
| Barabara ya zamani | M10: Tver, Valdai, Veliky Novgorod | M7: Vladimir, Nizhny Novgorod, Cheboksary |
| Treni | karibu saa 4 | usiku mzima |
| Siku za kutosha, kwenda na kurudi | 5 | 6 au 7 |

Kwenda Petersburg

Ukitaka kufika, pita M11. Ukitaka kuona, pita M10. Sisi tulikwenda kwa ya zamani tukarudi kwa mpya, na kuhusu ya mpya sina mengi: lami kama kioo, uzio pande zote mbili, msitu, msitu, kahawa ya sheli, msitu. Imekwepa kila mji makusudi. Ada hubadilika kulingana na siku, na mwisho wa wiki hupanda. Saa saba baadaye tulikuwa Moscow, na nikiulizwa nimeona nini njiani, ningesema miti.

M10 ina tabia nyingine. Ni nyembamba, inapita katikati ya vijiji, na imejaa malori yanayokwepa kulipia ile nyingine. Mguu unachoka: 90, 60, 90, 60, kamera kila kona. Lakini ndiyo iliyonipa picha ya kwanza ya Urusi isiyo Moscow: nyumba za mbao zilizoinama kidogo, madirisha yenye fremu za nakshi zilizopakwa buluu na nyeupe, bibi mwenye kitambaa kichwani ameketi nyuma ya ndoo ya uyoga na chupa za jemu, akingoja mteja. Badilisha uyoga kwa machungwa, uko Muheza.

Tver, kilomita kama 180 kutoka Moscow, wengi huipita bila kugeuza shingo. Tulisimama kwa ajili ya sanamu moja. Kando ya Volga amesimama Afanasy Nikitin, mfanyabiashara wa mji huo aliyefika India katika karne ya 15, miaka kadhaa kabla ya Vasco da Gama. Alipokuwa anarudi alipanda chombo katika bandari ya Dabhol, na safari ikawafikisha nchi ya Wahabeshi. Ameandika kwamba waliwagawia wenyeji mchele, pilipili na mikate ili chombo kisiporwe. Kutoka hapo akapita Muscat, kisha Hormuz. Mtu wa pwani akisoma hayo hahitaji kuelezwa habari za kaskazi na kusi. Nyumbani hakufika, alifariki karibu na Smolensk. Nilikaa chini ya sanamu ile muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya kasri lolote la Petersburg, na mdogo wangu akaniuliza kama nimemfahamu mtu yule kwetu Tanga.

Valdai ni ziwa la maji ya kutulia na monasteri ya kisiwani iliyoanzishwa 1653. Nusu siku inatosha. Kilichonikaa moyoni zaidi ni mji mdogo wa Krestsy, mbele kidogo. Akina mama wamepanga meza kando ya barabara, na juu ya meza samawari zinafuka moshi. Neno hilo tunalo pwani siku nyingi, na huku ndiko lilikozaliwa. Unauziwa chai ya moto na mikate midogo iliyojazwa kabichi, viazi au tufaha. Mama mmoja alimwita mdogo wangu *synok*, yaani mwanangu, akamwongezea mkate mmoja bila kuombwa, kisha akanitazama mimi, akasema kitu.

"Anasema wewe umeshiba," mdogo wangu akatafsiri.

Veliky Novgorod peke yake ingetosha kuitetea njia hii. Kanisa kuu la Sophia ndani ya ngome lilijengwa kati ya 1045 na 1050, na bado ibada zinafanyika. Ila mimi nilivutiwa na barua. Ardhi ya mji huo ni tepetepe, haipitishi hewa, na ndani yake wamefukua barua zilizochanjwa kwenye maganda ya mti wa mbetula. Ya kwanza ilipatikana 1951, na sasa zimepita elfu. Humo hamna mambo ya wafalme. Ni madeni, ugomvi wa majirani, maagizo ya sokoni, mtu anamposa mtu. Kuna za mtoto aitwaye Onfim wa karne ya 13: ameanza kufanya zoezi la herufi, akachoka, akajichora mwenyewe juu ya farasi akimchoma adui mkuki. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anamjua mtoto huyo.

Halafu ndiyo Petersburg. Hapo lazima niwe mwangalifu, kwa sababu mji wenyewe ni mzuri kupita kiasi. Peter Mkuu aliuanzisha 1703 juu ya kinamasi. Unapoingia, kitu cha kwanza unachokiona ni usawa: nyumba za kimo kimoja, mifereji, maji ya mto Neva mapana kama bahari, na mbingu kubwa. Mwishoni mwa Juni jua linazama kama saa nne na nusu usiku, na giza lenyewe haliingii. Tulitembea saa sita usiku tukiona vizuri kama magharibi ya kwetu. Kuna msikiti wa kuba la buluu uliofunguliwa 1913, umeigizwa kaburi la mtawala Timur la Samarkand. Kuna nyumba ya mshairi Pushkin kando ya mto Moika, alikofia 1837 baada ya kupigana kwa bastola. Babu wa mama yake, Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyeletwa utotoni kwenye jumba la Peter na akapanda hadi kuwa jenerali. Warusi wengi tuliozungumza nao walitutajia hilo ndani ya dakika tano, wakidhani wanatupa habari mpya. Makumbusho ya Hermitage utayasoma kwingine.

Mzuri, ndiyo. Lakini gari huko ni mzigo. Siku nne lilikaa kwenye maegesho ya kulipia huku sisi tukitembea kwa miguu na metro. Usiku mmoja tukasema tulitoe, lisije likazeeka. Tukavuka mto kwenda kutazama ngome ya Peter na Paulo. Baada ya saa saba usiku madaraja ya Neva yakaanza kufunguka katikati ili meli zipite, kama yafanyavyo kila usiku msimu ambao mto hauna barafu. Kutazama ni raha, kama uko upande wa hoteli yako. Sisi tulikuwa upande mwingine. Kuna daraja kubwa la barabara ya mzunguko lisilofunguka, lakini ni mbali, na simu ilikuwa haina intaneti. Tukalala garini hadi karibu saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa hakukuwa na giza, hata kulala hatukulala.

Sasa weka hayo yote mezani pamoja na treni ya Sapsan, inayofanya safari hiyo kwa karibu saa nne, mlango kwa mlango wa katikati ya mji. Kinachobaki kulitetea gari ni Tver, Krestsy na Novgorod. Ni vitu vitatu vizuri. Lakini vitatu.

Kwenda Kazan

Mwanzo wa M7 ni mbaya, tusifichane. Balashikha hadi Noginsk ni foleni, malori, taa, foleni. Saa mbili za kwanza mdogo wangu hakunisemesha, kwa sababu ni mimi niliyechagua njia.

Vladimir ndipo uso ulipomkunjuka. Lango la Dhahabu, la karne ya 12, limesimama katikati ya barabara ya mji na magari yanalizunguka kama mnara wa saa wa mji wowote kwetu. Baada ya mji, mahali paitwapo Bogolyubovo, acha gari na utembee kwa miguu kukata mbuga ya majani. Mwisho wa njia kuna kanisa dogo jeupe la mawe kando ya maji, la enzi hiyohiyo ya karne ya 12, peke yake, hakuna jengo lingine karibu. Mimi ni Mwislamu na sikuingia kuomba, ila nilikaa nje kimya nusu saa bila kuambiwa ninyamaze.

Suzdal iko kama kilomita 30 kaskazini ya Vladimir. Ni mji wa watu wapatao elfu kumi, nyumba za mbao, bustani za matango, makanisa usiyoweza kuyahesabu. Watalii ni wengi na bei inawajua. Lala hapo usiku mmoja, si zaidi.

Nizhny Novgorod ndio mji ulionishtua. Nilitegemea viwanda, na kweli vipo. Wakati wa Kisovieti uliitwa Gorky, wageni walikatazwa kuingia, na mwanasayansi Andrei Sakharov alifungiwa humo kuanzia 1980 hadi 1986. Lakini mji umekaa juu ya genge, na chini yake mto Oka unaingia Volga. Jioni watu wanashuka na chakula chao kwenye majani, ukutani, kwenye ngazi ndefu za Chkalov, kulitazama jua tu. Hakuna tamasha wala kiingilio, ni jua linazama nao wanalitazama, kama Forodhani. Siku ya pili tulipanda vigari vya kamba vinavyovuka Volga hadi mji wa Bor, zaidi ya kilomita tatu na nusu angani. Wenyeji wanavitumia kwenda kazini, mmoja alikuwa amepakata mfuko wa viazi. Mdogo wangu alifumba macho njia nzima na hapendi nilitaje hili.

Cheboksary tulipita kwa chakula cha mchana. Ni mji wa Wachuvashi, safi, wa polepole. Bibi mmoja aliomba kupiga picha nasi, kisha akawaita wajukuu, kisha jirani. Kutazamwa kupo njia zote mbili, hasa nje ya miji mikubwa, na mara nyingi ni udadisi tu. Kukaguliwa hati nako kupo. Beba pasipoti na karatasi ya usajili wanayokupa hotelini.

Kabla ya Kazan, pinduka kwenda Sviyazhsk. Ni kisiwa kilichounganishwa na nchi kavu kwa tuta. Mwaka 1551 mfalme wa Urusi, Ivan wa Kutisha, alitaka ngome karibu na Kazan, basi mbao zake zikakatwa na kupimwa mbali huko juu ya Volga, zikafungwa, zikaelea na mto hadi hapo, zikaunganishwa upya katika wiki chache. Mwaka uliofuata Kazan ikaanguka.

Na ukifika Kazan unaelewa kwa nini aliitaka. Ndani ya Kremlin ya Kazan, ngome nyeupe juu ya mto, msikiti wa Kul Sharif na kanisa kuu la Kiorthodoksi vinatazamana. Msikiti ni mpya, ulifunguliwa 2005 mji ulipoadhimisha miaka elfu moja. Jina ni la imamu aliyeuawa akiutetea mji mwaka 1552. Ijumaa nilisali kwenye msikiti mwingine, wa Märcani, uliojengwa miaka ya 1760 kwa idhini ya malkia Catherine wa Pili. Khutba ilikuwa kwa Kitatari, lugha ya wenyeji wa huko, na Kirusi. Mzee aliyekuwa safu moja nami aliniuliza kwa ishara natoka wapi. Nikasema Tanzania. Hakuijua. Nikasema Zanzibar, ambako si kwetu. Hiyo aliijua.

Mdogo wangu husoma herufi za Kirusi kama maji, na mabango ya Kazan yameandikwa kwa lugha mbili. Barabara ya Bauman, ile ya waendao kwa miguu, akaanza kunisomea maneno ya Kitatari kwa utani: kitap, sabın, şikär, waqıt, dönya. Nikamwambia arudie polepole. Kitabu, sabuni, sukari, wakati, dunia. Habari wanaita xäbär. Wakishukuru wanasema räxmät, rehema hiyohiyo. Tulisahau kula, tukawa tunasoma maduka. Kiarabu kilifika Volga na kilifika pwani yetu, kwa watu wasiojuana kabisa, kikaacha maneno yaleyale kwenye rafu za duka. Mwandishi Ibn Fadlan na ujumbe wa khalifa kutoka Baghdad walifika kwa Wabulgari wa Volga mwaka 922, na magofu ya mji wao, Bolgar, yako kusini ya Kazan. Hatukufika, siku zilikwisha.

Tulipokumbuka kula, tulikula echpochmak. Ni pembe tatu ya unga iliyookwa, ndani nyama, viazi na kitunguu. Kuiita sambusa ni kuikosea adabu kidogo, lakini mkono wako utaijua. Chak-chak ni vipande vya unga vilivyokaangwa na kushikanishwa kwa asali. Nunua boksi, inavumilia safari ya ndege. Kwa mla halali, hapa ndipo tofauti ya njia hizi mbili inaonekana kila siku, mara tatu kwa siku. Njia ya Petersburg nilikula samaki, mayai na mikate ya kabichi kwa wiki nzima. Kazan niliagiza bila kuuliza.

Kurudi tulipita M12, moja kwa moja, bila kugusa Nizhny wala Vladimir. Ni M11 nyingine: nzuri, ya haraka, na huna utakachokikumbuka. Sheli ziko mbalimbali, basi jaza tangi Kazan.

Nani aende wapi

Mwenye siku nne tu asikodi gari kabisa. Apande Sapsan, aone Petersburg, arudi.

Mwenye wiki, na hii ni mara yake ya kwanza Urusi, aende Kazan kwa M7 na arudi kwa M12. Kila kilomita mia mbili mji unabadilika sura, lugha na chakula, na gari linakupeleka mahali ambapo treni ingekupitisha umelala. Usiku wa treni hiyo ningekuwa nimepoteza Bogolyubovo, jioni ya Nizhny na Sviyazhsk.

Mpenda historia ya kale na kimya, au anayesafiri na mzazi mtu mzima asiyependa mwendo mrefu, namshauri nusu ya njia ya kwanza: gari hadi Novgorod, lala siku mbili, rudi. Petersburg aiache kwa safari nyingine.

Wenye watoto, Kazan. Vigari vya kamba, chak-chak na chakula kisicho na maswali vimemaliza hoja.

Msimu nao una kauli. Petersburg inakutaka Juni, na Juni hoteli zake zinajua hivyo. Kazan haina haraka, Mei hadi Septemba ni sawa, ila ujue inafuata saa za Moscow ingawa iko mbali mashariki, kwa hiyo mwanzoni mwa Julai jua linachomoza kama saa tisa za usiku. Beba kitambaa cha kuziba dirisha. Majira ya baridi sizungumzii. Desemba hadi Februari sheria inataka matairi ya theluji, na aliyejifunza kuendesha Tanga hana la kumfundisha mtu kuhusu barafu.

Mdogo wangu bado anasema nimeipunja Petersburg kwa sababu ya usiku mmoja wa daraja. Juni ijayo atakwenda tena, kwa gari, na wenzake wawili wa chuoni. Nimemwambia mimi atanikuta stesheni, nimeshalala, nimeshakula.